Redio Iliyovishwa Sweta

Ijumaa, Mafinga. Ukungu tangu asubuhi, baridi inauma masikio, na mimi natoka jasho.

Shajara, nisikilize. Posa yangu inapelekwa kesho nyumbani kwa kina Neema, na leo bosi alitaka kumnyang'anya baba yake Neema lori. Anadai mzee akipeleka magogo Mgololo anazima redio ya data ili asijulikane alipo. Mzee anaapa hajaigusa. Na fundi wa redio ni nani? Mimi. Makubwa!

Nikapanda kwenye lori. Redio imevaa sweta. Sweta la sufu, la pinki, lenye vifungo! Mama yake Neema kalifuma wiki hii baridi ilipozidi, maana huku kwetu kitu cha thamani hakikai bila kitambaa cha kufuma, na lori la mzee ni sebule yake ya pili.

Ile mashine naipenda, acha niieleze. Antena ni moja, na ndani kuna swichi inayogawa zamu: ama inasikiliza, ama inasema. Ikisikiliza, mawimbi yanaingia yakiwa dhaifu sana, yanakuzwa, yanashushwa masafa, kisha modemu inayageuza kuwa maandishi kwenye kioo. Ikisema, mambo yanarudi kinyume: maandishi yanageuzwa mawimbi, halafu kipaza nguvu kinayasukuma mpaka ofisini. Kazi nzito iko hapo, na joto liko hapo. Joto lenyewe linatokea kwenye mapezi ya aluminiamu mgongoni. Ukiyafunika, redio inapunguza nguvu isije ikaungua. Inasikia kila kitu, ila haiwezi kujibu.

Kama mimi mbele ya wakwe.

Basi, nikaivua sweta, ikapoa, ujumbe wote uliokwama ukaenda. Bosi akanywea. Ikabaki kumwambia mama, siku moja kabla ya posa, kwamba sweta lake nusura limfukuzishe mumewe kazi. Niliogopa jamani, sifichi. "Kamwene, mama," nikamsalimu, nikaeleza mpaka mapezi, macho chini. Akaweka chini sindano zake za kufumia. Nikajua mke nimemkosa.

Mara akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa khanga. "Kumbe nayo inatoka jasho! Masikini. Lete hapa nilifumue."

Kalifumua palepale, kisha akanisimamisha na kunipima kifua kwa uzi. Kanipima mimi! Mama wa watu hakupimi sweta kama hana mpango wa kukuozesha binti. Anasema sufu haitoshi, ataongeza ya kijani, na vifungo vitarudi vilevile. Nitalivaa kanisani, mbele ya watu wote.

Pinki siipendi hata kidogo. Nilisikia kila kitu, nikashindwa kujibu.