Picha ya Kichwa Changu Ilimpa Pacha Wangu Leseni

Mpendwa Mama Amerley, sijawahi kuandikia gazeti lolote, na hata sasa naandika kwenye karatasi ya kukatia vitambaa kwa sababu naogopa kununua daftari nikaulizwa la nini. Mimi ni fundi cherehani hapa Bukom, Accra, nina miaka ishirini na tisa, naitwa Akuete, na kwa jina hilo umeshajua nina pacha, naye ni Oko, aliyenitangulia kwa dakika chache, na huyo ndiye bondia. Nyumbani kwetu babu alipigana, baba akapigana, baba zangu wadogo wanne wakapigana, hata shangazi aliwahi kumwangusha mwanamume sokoni kwa ngumi moja, ni mimi peke yangu niliyeachwa nishone bukta za wenzangu kwa sababu ya pumu.

Mwezi uliopita Oko alipata pambano la mkanda, wakaguzi wa ndondi wakataka picha ya ubongo kabla ya kutoa leseni, na wakati huo alikuwa ameshaanza kumimina chai pembeni ya kikombe, mchana analala na kitambaa cha maji usoni, na siku moja alifika mazoezini jioni akabishana na kila mtu kwamba asubuhi hakuja, ilhali sote tulikuwa naye. Baba, ambaye ndiye kocha, alisema huo si ugonjwa, ni jicho la watu. Kisha akanitazama akasema, "Akuete, mlitoka tumbo moja siku moja. Sura moja, damu moja. Kwani kichwa nacho kimeandikwa jina?" Nilidhani ni utani. Kesho yake shangazi alinibandika plasta kwenye nyusi, pale Oko alipo na kovu, nikavaa fulana yake, nikaenda kliniki nikalala kwenye ile mashine kwa jina lake. Daktari alinipa mkono, akasema hajawahi kuona kichwa kisafi namna ile kwa mtu aliyepigana mara thelathini na moja. Tuliporudi tulikula madonge ya kenke ya mahindi na samaki wa kukaanga tukacheka mpaka machozi, na mimi nilicheka, Mama, sitakuficha.

Sasa sicheki tena. Wiki iliyopita mazoezini kijana wa uzani mdogo alimgusa kwa mkono wa kushoto, ngumi ambayo hata mimi na pumu yangu ningeistahimili, Oko akaketi chini polepole, akaniangalia akaniuliza, "Bwana, pambano limeisha? Nani kashinda?" Aliniita bwana. Aliutazama uso wangu, ambao ni uso wake mwenyewe, asinijue. Baadaye akainuka akaendelea, na baba akatuambia hakuna aliyeona kitu.

Pambano ni Jumamosi ya tarehe ishirini na saba. Mimi ndiye ninayemfunga Oko glavu, kwa kuwa mikono ya baba inatetemeka, hata kenke analishwa na dada, lakini huo ni uzee tu. Nikisema, Oko atanyang'anywa leseni, na baba ameapa sitakanyaga ua wake tena wala kuoga na Oko maji ya mapacha Ijumaa ya sikukuu ya Homowo, mapacha wanapobarikiwa, na huenda polisi wakanifunga kwa udanganyifu. Oko mwenyewe nilimsihi aache, akanijibu, "Ukinitoa ulingoni, umeniua wewe, si wao." Joho lake la pambano nikilishona naona nashona sanda. Nifanye nini, Mama?

Akuete, Bukom

*

Akuete, jina lako nimeliacha, maana Accra imejaa kina Oko na kina Akuete na utajificha humo. Hofu yako naielewa, na nakuonea huruma. Lakini usijifanye ulitumwa tu. Una miaka ishirini na tisa, na miguu yako ndiyo iliyokupeleka kliniki. Aliyepimwa ni wewe, atakayepigwa ni yeye, na hilo ulilijua ulipokuwa umelala kwenye ile mashine.

Tena umenieleza kwa nusu mstari kwamba baba yako analishwa, ukapita haraka. Uzee gani huo? Mimi nimezaliwa mtaa wa pili kutoka kwenu. Nimewaona mabondia wetu wa zamani wamekaa vizingitini wakifutwa mate na wajukuu, na kila nyumba ina jina lake la kuliita jambo hilo: malaria, jicho la watu, uzee. Wauza samaki hapa mtaani wamezeeka vilevile, mbona wanajilisha? Baba yako si mtu mbaya. Ameumia palepale anapoumia Oko, ndiyo maana haoni.

Kwa hiyo ruhusa ya baba usiingoje, wala usirudi kumbembeleza Oko, kwa sababu mtu asiyekutambua hawezi kukuamulia. Kesho asubuhi nenda kwa daktari yuleyule aliyekupa mkono. Muonyeshe nyusi zako zisizo na kovu, umwambie ile picha ni ya fundi cherehani. Yeye ndiye atakayewaandikia wakaguzi, na yeye ndiye atakayemtibu Oko, maana kumsimamisha bila kumtibu ni kumtupa. Kuhusu polisi siwezi kukuahidi kitu, ila piga simu hapa gazetini kabla hujatoka nyumbani, tuna wakili, na mimi mwenyewe nitakusindikiza. Daktari asipokusikiliza, Ijumaa wakati wa kupima uzani simama mbele ya watu wote useme. Na hata hilo likishindikana, Jumamosi usimfunge hizo glavu.

Mwaka huu maji ya mapacha utayaoga peke yako, na itakuuma sana. Oko atakutukana njiani, atakutukana mbele ya wateja wako, labda kwa miaka. Mwache atukane. Kila utakapolisikia tusi lake, utajua yu hai, na anamjua anayemtukana.

Mama Amerley