Mama Maria Hakulala kwa Klara

Kalangalala, Geita
Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Lukresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Vipi hali hapo Runzewe, shemeji na mgongo wake, watoto, na shamba kama mmeanza kupanda? Sisi tunasukuma siku. Nyumba yangu imepigwa vigae mpaka barazani. Ukija utavua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningeendelea kujisifu hivi hivi, nisifike kwenye neno.

Unajua mwezi huu wa Rozari sanamu ya Mama Maria hulala usiku mmoja kila nyumba ya jumuiya, jioni tunaihamisha kwa nyimbo. Mwenyekiti ni mimi, na rozari naongoza bila kitabu, hata katekista anakubali. Ikitoka kwangu ilitakiwa iende kwa Klara, yule muuza chapati aliyepanga chumba nyuma ya kilabu cha pombe. Nikawaambia wenzangu kwamba Mama wa Mungu hawezi kulala kwenye harufu ile. Abaki kwangu, kisha aende moja kwa moja kwa Mama Hosiana.

Kumbe Klara alishapaka chokaa ukutani, akaazima na kitambaa cheupe. Jumamosi, pale tunapoulizana kabla ya sala nani ana neno na mwenzake, akasimama akasema ana neno na mimi. Akauliza amenikosea nini. Nikarudia habari ya pombe. Mzee Agapiti, unamjua kwa mdomo, akasema Bikira alijifungulia zizini kwenye mavi ya ng'ombe, leo ndiyo ameanza kuchagua vigae? Wakacheka weee! Kicheko kilipoisha, mzee akasema taratibu: Mama Mayala, hatusali mpaka useme kweli.

Klara angeweza kunisemea. Hakunisemea.

Kweli yenyewe ni hii, mdogo wangu. Mayala hayuko ofisini Mwanza kama nilivyokwambia wewe na watu wote. Alikuwa anachimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, vumbi la mawe likamla kifua. Alirudi kiangazi hiki na begi lake, amekonda, anakohoa, nami nina wageni wa kanisani sebuleni. Nilimwambia pale getini aende, arudi akiwa mtu wa kuonyeshwa. Mwanangu wa kumzaa. Klara ndiye aliyempokea. Jumuiya ingeingia na sanamu kwenye kile chumba, ingemkuta.

Niliyasema yote. Hakuna aliyenibembeleza. Uenyekiti wamempa Agapiti, na sanamu wakanibebesha mimi mpaka kwa Klara, nyimbo nyuma yangu. Tulipoingia Mayala alijiinua kwenye mkeka, akasema shikamoo mayu, bado ananiita mama. Watu wote wakangoja niitikie. Lukresia, nikajishughulisha kuweka sanamu kwenye kitambaa cheupe, marahaba sikuitoa.

Nimemwomba arudi nyumbani, anasema bado. Jumuiya wamepanga zamu za kumpeleka kliniki, na mimi wamenipangia kama mtu mwingine yeyote. Yangu ni Jumatano. Njoo unishike mkono, maana namwogopa mwanangu kuliko daktari.

Msalimie sana shemeji. Watoto waambie mama yao mkubwa anawapenda, na wakiuliza habari za kaka yao, usiwafiche.

Ni mimi dada yako,
Juliana