Mistari Iliyobanana

Mama,

Mitungi imejaa maji. Maharagwe nimeyaloweka, Katunge akitoka shule ayabandike saa kumi.

Asubuhi uliweka kidole kwenye ramani yangu ya Mlima Kenya ukasema, "Hii mistari imebanana kama nyumba za mtaa wetu wa Mashimoni. Hapa mtu atapita wapi?" Nikakujibu kwa kiburi: muuza sukuma wiki anajua nini kuhusu mlima?

~~Bado nasema hivyo.~~ Ulisoma sawa. Mistari ikibanana hivyo ni ukuta wa mwamba. Mwenzangu Muia na mimi tungekwama hapo.

Nimechora upya mahali pa kupita. Njia iliyokanyagwa bado haipo, lakini hapo mistari imeachana. Nakala iko chini ya sahani. Jumapili jioni nisipopiga simu, wapelekee askari wa mlima.

Kileleni tutafika, hilo usibishe. Ila ramani nyingine utaisoma wewe kwanza.

Kifungua mimba wako,
Kimanzi