Pampasi za Koku Hapa Rugu

Baba Koku,

Pole na baridi ya huko. Sisi tumefika salama kwenu Rugu. Mvua inanyesha kila siku na Koku anakula ndizi kunishinda. Lakini mbona hukunionya kwamba nyumbani kwenu hakuna pipa la taka?

Maganda ya ndizi ni ya mbuzi. Majivu, na majani tuliyofunikia sufuria, mama yako anayarudisha kibanjani kwenye mashina ya migomba. Hata kopo tupu la maziwa ya Koku, nililotaka kulitupa, kesho yake nimelikuta lina chumvi! Nimebaki mimi na pampasi zilizotumika. Nimezificha kwenye mfuko chini ya kitanda, nao unazidi kuvimba na kunuka. Nikizichoma, mama ataona moshi. Nikizifukia kibanjani, jembe lake litazifukua.

Leo amefuata harufu mpaka akaukuta mfuko. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, huko Ujerumani mnazipeleka wapi?"

Nikamwambia lori huja kuzichukua kila Jumanne.

"Na lori linazipeleka wapi?"

Mume wangu, miaka yote tuliyokaa huko sijawahi kujiuliza. Nimemjibu kwamba nitakuuliza wewe, maana wewe ndiye unayetoa mifuko nje.

Vaa sweta, tumekukumbuka mno. Na Jumanne ukilisikia lori, lifuate. Mama anasubiri jibu, na mfuko bado uko chini ya kitanda.

Mama Koku