Bibi Harusi Mwenye Haraka

Yeoville, Jumapili, 10 Juni 2012

Eti nimeaibisha ukoo! Wifi Espérance amekataza video ya harusi isipelekwe kwa mama mkwe Bukavu, kwa kuwa niliingia kanisani nikicheka, kwa haraka, bila chozi la kuaga kwetu kama ilivyo desturi.

"Ulikuwa unawahi taksi ya kwenda Hillbrow?" aliniuliza.

Leo Ingrid, Mnorwe anayefundisha watoto kanisani, alinitetea. Kwao harusi ni *bryllup*. Neno hilo la kale, lenye mizizi moja na neno la Kijerumani cha kale, limeunganisha "bibi harusi" na "kukimbia".

Wifi akabenua mdomo. "Wazungu!"

Yeye ana uchumba wa miaka sita. Kwa mwendo wake, atafika madhabahuni na mkongojo.

Mume wangu ameshampa ile video msafiri anayekwenda Bukavu. Naogopa mama mkwe hatanipenda. Lakini acha aone nilivyomkimbilia mwanawe.