Taa ya Kijani

Mama watoto,

Antena ya ndani nimeirudisha sebuleni. Tafadhali usiisogeze tena dirishani. Ikikaribiana na ile ya paani zinaingiliana, na kifaa cha kuvuta mtandao kinajizima. Ndiyo maana taa yake ilikuwa nyekundu na simu zetu hazikupata mtandao wiki nzima. ~~Ungeniuliza kwanza.~~ Hata mimi ningedhani zikikaribiana zitasaidiana.

Taa ilipogeuka kijani asubuhi hii, jumbe tisa ziliingia kwa mpigo, zote za binti yetu. Ujumbe wa mwisho: "Baba, nimejifungua salama. Mbona hampatikani? Bado mmeninunia?"

Nimempigia, tukalia wote wawili. Nakwenda kuwachukua, yeye na mtoto. Tandika kitanda cha chumba cha nyuma, lakini kwanza mpigie. Sauti yangu ameshaisikia, anangoja yako.

Babu, tangu Jumanne, bila kujua