Hodi ya Laini ya Kumi na Saba

Jumatatu, 14 Julai

Kernel, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta, nimeijenga upya mara ya tatu leo. Dakika arubaini kila mara, feni ikipiga kelele kama cherehani ya mama. Na bado kompyuta ya mizani kule yadi ya makontena Shimanzi inachanganya uzito. Malori mawili yanayofuatana, uzito mmoja hadi kilo ya mwisho. Haiwezekani.

Meneja ana jibu lake: karani wa mizani, Bwana Kilonzo, anakula rushwa. Amemsimamisha kazi. Ijumaa saa nne ataitwa mbele ya wakubwa. Mimi nimeambiwa nithibitishe kwamba mashine ni nzima. Niliyeifunga pale yadini ni mimi. Sipendi.

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi nzima kwenye kiti cha Kilonzo. Vumbi, honi, madereva wenye haraka. Lori likipanda mizani, kadi ya mizani, kibao kilicho ndani ya kompyuta cha kupokea uzito, yapasa kubisha hodi kwa kernel, nayo iache ilichokuwa ikifanya, iitikie, ichukue uzito. Hodi hiyo mafundi twaiita kikatizo. Kadi hii hubisha kwenye laini ya kumi na saba, ndiyo mlango wake, na kernel huweka hesabu ya kila hodi.

Nimefungua hesabu. Kumi na saba: haijasogea. Malori sitini yamepita mbele ya macho yangu. Nimeangalia tena. Nikaondoka kitini, nikasingizia njaa.

Jumatano, 16 Julai

Nilijua tangu jana, ila sikutaka kuandika.

Aprili, nilipoifunga mashine, kadi ya mizani na kadi ya mtandao ziliangukia laini moja. Kernel ikalalamika kwamba hodi zabishwa na hakuna wa kuitikia, ikaifunga laini. Hata kwetu mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Dawa ilikuwa kuzitenganisha kadi. Kazi ya siku nzima. Na mimi jioni ile nilikuwa na arusi ya binamu, sijatiwa hina. Nikaongeza neno moja kwenye mipangilio: usingoje hodi, pita uchungulie. Malalamiko yakakoma. Nikaenda kutiwa hina.

Foleni ikiwa ndefu, kernel huchelewa kuchungulia. Programu huandika uzito wa lori lililotangulia. Basi.

Na kuna lingine. Kilonzo alikuwa akisoma namba kwenye kioo cha nje, kinachoonyesha uzito moja kwa moja kutoka mizanini, na kuiandika daftarini, kila lori, kwa kalamu. Nikamwambia, "Baba, wacha hayo madaftari. Kompyuta haisahau." Alicheka, akaliweka kando. Daftari hilo leo lingemwokoa. Najichukia.

Alhamisi, 17 Julai

Nimezitenganisha. Kila kadi na laini yake. Neno langu la Aprili nimelifuta. Kernel imejengwa, kompyuta imewaka. Lori la kwanza likapanda, hesabu ikaruka. La pili, ikaruka tena. Nilifurahi kwa muda wa malori manne, kisha nikaona: hakuna ajuaye kwamba ilikuwa imeharibika. Naweza kusema mashine ni nzima na nisiwe nimesema uongo.

Meneja amepiga simu. "Sema tu ni nzima, tumalize."

Nikapita Majengo, nyumbani kwa Kilonzo. Mkewe akanipa chai. Kilonzo mwenyewe akaniuliza kama kazi yaendelea vizuri. Nikasema vizuri. Chai sikuimaliza.

Mama: "Mbona huli, mwanangu?" Tumbo, nikamwambia. Naogopa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimesema yote mbele ya wakubwa. Hesabu ya laini, neno la Aprili, hina, daftari. Meneja akauliza kama najua kwamba najikaanga mwenyewe. Nikasema najua.

Kilonzo hakuniangalia hata mara moja.

Amerudishwa kazini. Mkataba wangu umevunjwa kabla ya adhuhuri.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda Shimanzi kurudisha ufunguo wa ofisi ya mizani. Kilonzo yuko kwenye kiti chake. Shikamoo. Marahaba. Daftari jipya mezani, kurasa amezigawa kwa rula: namba ya kioo huku, namba ya kompyuta kule. Mpaka hapo zilikuwa zikilingana.

Nikaweka ufunguo, nikageuka.

"Keti hapo, binti," akasema. "Nisomee ya kioo. Macho yangu yamechoka na vumbi."

Nikaketi. Nikamsomea malori kumi na moja, naye akiandika. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Kisha nikaenda nyumbani, nikala.